Namna ya kuwafundisha wanafunzi jinsi trafiki anavyosimamisha gari kwa usalama

Kila muhula ukianza, walimu walezi wa klabu za usalama barabarani na wakufunzi wa vyuo vya udereva huuliza maswali yaleyale. Askari wa kuigiza asimame wapi? Gari la zoezi litoke wapi? Mwanafunzi akipewa filimbi si atageuza uwanja kuwa stendi? Na dereva wa kuigiza akikataa kusimama tufanyeje? Nimeona bora niyaandike majibu mara moja, kwa mpangilio, ili atakayekuja na swali nimwelekeze hapa.

Mwongozo huu ni wa zoezi la uwanjani la saa mbili hivi kwa wanafunzi wa sekondari au wa chuo cha udereva. Haumfanyi mtu kuwa askari. Kazi hiyo ina shule yake, Moshi. Unamfanya mwanafunzi aelewe kwa nini askari anasimama pale anaposimama, kwa nini anakuja dirishani kwa upande fulani, na dereva anatakiwa kufanya nini ili wote wawili waondoke salama. Nimeandika kwa mazingira ya Tanzania. Ukiwa Kenya, badilisha majina ya sheria na ofisi tu, kwa kuwa magari hupita kushoto vilevile.

Jambo moja liwe kichwani tangu mwanzo hadi mwisho wa zoezi: hatari kubwa kwenye ukaguzi wa kawaida ni magari mengine yanayoendelea kupita. Dereva aliyesimamishwa, mara nyingi, ni mtu anayewahi kazini. Kwa hiyo fundisha mahali, umbali na macho kwanza. Leseni na faini ni za baadaye, na ukianza nazo hutawarudisha tena wanafunzi kwenye lililo muhimu.

KABLA YA KUANZA

Andaa hivi:

- Uwanja wa mpira au eneo wazi lisilopitiwa na magari. Ukingo wa barabara halisi haufai hata kama "ina magari machache".
- Unga wa chaki au majivu ya kuchorea mistari, na tepu ya kupimia au kamba uliyoifunga fundo kila baada ya mita 5.
- Koni sita. Ukikosa, madumu ya lita 5 yaliyotiwa mchanga yanatosha.
- Vizibao viwili vya kuakisi mwanga. Bodaboda wa jirani atakuazima.
- Filimbi moja. Moja tu.
- Gari moja lililozimwa, funguo zikiwa mfukoni mwako. Kama hakuna gari, panga viti vinne: viwili mbele, viwili nyuma, dereva kulia.
- Leseni na kadi ya gari za kuigiza, zilizokatwa kwenye manila. Usitumie leseni ya mtu halisi; itapotea.
- Vitambaa viwili vilivyopakwa unga wa chaki. Matumizi yake utayaona kwenye hatua ya 1.

Pata kibali cha mkuu wa shule, na kupitia kwake peleka barua polisi wilayani kuomba askari wa usalama barabarani aje siku hiyo. Peleka wiki mbili kabla. Kwenye barua taja darasa, idadi ya wanafunzi, saa, na kwamba hamtaingia barabarani. Barua isiyosema hilo la mwisho hukaa mezani kwa mtu akijiuliza mnataka kufanya nini.

Usilete sare halisi ya askari, pingu wala bunduki ya kuchezea. Kujifanya ofisa wa umma ni kosa la jinai, na picha ya mwanafunzi aliyevaa nguo nyeupe na kofia ya trafiki ikianza kuzunguka kwenye simu, utaieleza wewe. Kizibao kinatosha.

HATUA

1. Gawa nafasi

Kila kundi liwe na watu saba: msimamishaji, mlinzi, dereva, abiria mmoja, "magari yanayopita" wawili, na mwandishi anayeandika makosa. Wengine wakae pembeni watazame. Zamu yao inakuja.

Hao wawili wa magari yanayopita ndio mwalimu halisi wa zoezi hili. Kila mmoja anashika kitambaa chenye chaki kwa mkono wa kushoto na kutembea haraka kwenye njia mliyoichora, wakati wowote anaotaka, bila kupiga kelele. Akimkuta askari amekanyaga ndani ya njia yake, anampaka chaki na kuendelea. Hakuna kusukumana. Askari mwenye alama nyeupe mgongoni amegongwa, zoezi linasimama, na kundi zima linajadili alikuwa wapi. Hotuba ya nusu saa haifikii alama hiyo moja.

2. Chora barabara

Chora njia mbili, kila moja na upana wa mita 3 na nusu, na bega la barabara la mita 2 upande wa kushoto. Weka mshale kwenye kila njia ili mtu asisahau magari yanakwenda upande gani. Urefu uwe kadiri uwanja unavyoruhusu.

3. Pima umbali kwa miguu

Usiwaambie tu kwamba gari halisimami ghafla. Wapimishe. Chukua dereva aliye macho, anayehitaji sekunde moja na nusu kuona ishara na kufikisha mguu kwenye breki, kwenye lami kavu, akibana breki kwa nguvu:

- Kwa kilomita 30 kwa saa, gari linasimama baada ya takriban mita 17.
- Kwa kilomita 50 kwa saa, takriban mita 35.
- Kwa kilomita 80 kwa saa, takriban mita 68.

Weka koni kwenye kila umbali, kisha mwambie mwanafunzi mmoja atembee kutoka koni ya kwanza hadi ya tatu. Kiwanja cha mpira kina kama mita 100 kwa urefu, kwa hiyo koni ya tatu itakuwa imevuka katikati na kukaribia boksi la upande wa pili. Waonyeshe pia hili: kwa mwendo wa 80, gari linakula mita 33 kabla mguu haujagusa breki, karibu umbali wote ambao gari la mwendo wa 50 linahitaji kusimama kabisa.

Na hapo ni breki ya dharura. Dereva anayesimamishwa na trafiki anatakiwa apunguze taratibu ili wa nyuma asimparamie, na kwa mwendo wa 80 hiyo inahitaji kama mita 130. Ndiyo sababu kwenye zoezi natumia kanuni ya mita 150: askari asiyeonekana kutoka mita 150 kwenye barabara kuu amesimama mahali pabaya. Mjini, ambako ukomo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, mita 60 hadi 70 zinatosha. Lori lenye mzigo na lami yenye maji vinataka zaidi.

4. Chagua mahali

Toa mchoro wa barabara yenye kona, kilima, daraja, kituo cha daladala, kivuko cha shule na sehemu moja iliyonyooka yenye bega pana. Waulize: mngesimamia wapi? Wengi watachagua baada ya kona, "ili tuwakamate". Acha waeleze, kisha waulize dereva wa pili, yule anayemfuata aliyesimamishwa, ataliona gari lililosimama akiwa umbali gani.

Mahali pazuri pana mambo manne: panaonekana kwa mbali, pana bega la kutosha gari zima kutoka kwenye lami, nyuma ya askari hakuna ukuta wala mtaro wa kina, na hapazuii watembea kwa miguu. Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa. Askari lazima awe na pa kukimbilia, na mtaro wa zege wenye kina cha mita moja si pa kukimbilia.

5. Simama, na simamisha

Msimamishaji anasimama begani, nje ya mstari wa lami. Mlinzi anasimama mita 15 hadi 20 kabla yake, upande magari yanakotokea, naye pia nje ya lami. Kazi ya mlinzi ni moja: kutazama magari yanayokuja. Hatazami dereva aliyesimamishwa, hachungulii leseni, hachangii mazungumzo. Akiona gari linayumba au linakuja begani, anapuliza filimbi moja ndefu, na maana yake ni moja: kila mtu kushoto, mbali na lami. Jaribuni filimbi hiyo mara kadhaa kabla ya zoezi lenyewe ili miguu iijue.

Msimamishaji achague gari likiwa bado mbali. Mkono mmoja juu, kiganja kikimtazama dereva. Dereva akishamwona, mkono wa pili unaonyesha pa kuegesha. Asubiri kuona indiketa ya kushoto na gari likipungua mwendo. Asipoyaona hayo, arudi nyuma hatua mbili na kuliacha lipite.

Onyo: kuruka mbele ya gari ili "lisimame kwa lazima" ndiyo picha ambayo wanafunzi huja nayo kutoka mtaani. Ifute siku ya kwanza. Gari lililokataa kusimama lina namba, namba inaandikwa, na kwenye kituo cha mbele kuna askari wengine wenye redio ya upepo. Mwili wa mtu haulizuii.

6. Egesha gari

Kwenye zoezi, mahali pa kuegesha pawe hatua kumi hivi baada ya alipo msimamishaji. Gari linampita polepole, linatoka lote kwenye lami, linasimama. Faida yake ni mbili: askari hayuko mbele ya bampa hata sekunde moja, na anapolikaribia anatokea nyuma, akisoma namba ya gari kabla hajafika mlangoni.

Dereva azime injini, avute handibreki, awashe hazadi, ashushe kioo, kisha mikono ikae kwenye usukani. Usiku awashe taa ya ndani.

Hapa pana tabia yetu moja inayohitaji kusemwa wazi. Dereva akishasimama, hufungua mlango na kumfuata askari, leseni mkononi, "tukaongee pembeni". Mlango wa dereva wetu uko kulia, yaani unafungukia kwenye njia ya magari. Mfanye dereva wa kuigiza afungue mlango bila kutazama kioo huku kitambaa cha chaki kikipita, na usiongeze neno. Dereva abaki ndani mpaka aombwe kushuka, na akishuka atazame nyuma kwanza.

7. Karibia dirisha

Wanafunzi wote watakwenda dirisha la dereva. Wengi wameona sinema za Marekani: gari la polisi nyuma, taa zinawaka, askari anatembea mlangoni, tochi begani. Kule dereva hukaa kushoto na magari hupita kulia, lakini matokeo ni yaleyale: dirisha la dereva liko upande wa magari. Hata huko majimbo yote 50 yana sheria inayomtaka dereva ahame njia au apunguze mwendo akikuta gari la polisi limesimama pembeni, na sinema haikuonyeshi hilo.

Kwetu, njia salama ni kwenda dirisha la abiria, upande wa kushoto. Gari lenyewe linakaa kati ya askari na barabara. Kutoka hapo unaiona mikono ya dereva, mkanda wake, dashibodi na viti vya nyuma. Kama sauti haifiki, dereva azime redio. Askari akilazimika kwenda kulia, apate kwanza ishara ya mlinzi, asimame nyuma kidogo ya mlango wa dereva akiutazama upande magari yanakotokea, na asikae.

Kuna kisa ambacho wanafunzi wa Kahama, Ngara na njia yote ya kwenda Rusumo watakuuliza: malori yenye usukani kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia, na baadhi ya malori ya huko hushuka hadi Dar es Salaam. Kwa lori hilo dereva yuko upande wa bega, kwa hiyo kwenda kushoto ni kumfuata dereva mwenyewe. Kanuni haibadiliki: nenda upande usio na magari.

Mambo matatu yasifanyike dirishani. Usiingize kichwa wala mkono ndani ya gari. Usinyakue funguo, kwa sababu mkono ulio ndani ya gari linaloondoka huburuzwa na mwenye mkono. Na usisimame kati ya magari mawili yaliyoegeshwa kwa kufuatana. La nyuma likisukumwa, miguu yako ndiyo bampa.

8. Zungumza

Mpangilio ni salamu, utambulisho, sababu, kisha ombi:

"Habari za safari, dereva. Naitwa Koplo Fulani, wa usalama barabarani. Nimekusimamisha kwa sababu taa yako ya breki ya kulia haiwaki. Naomba leseni yako."

Mwanafunzi anayeanza huruka moja kwa moja kwenye "Leta leseni!" Mwache afanye hivyo mara moja, na mwambie dereva ajibu jinsi mtu wa kawaida angejibu. Utapata "Kwani nimefanya nini?" na majibizano yanayoendelea huku muda wa kukaa pembezoni mwa barabara ukirefuka. Kisha arudie kwa mpangilio. Mwandishi apime muda wa mara zote mbili kwa simu, na darasa lilinganishe. Adabu hapa ina kazi ya usalama: dereva anayejua sababu hutulia, na aliyetulia haondoi gari ghafla.

Dereva awe mtu mzima wa kuigiza, mzee au mama, na askari amwite hivyo. "Mzee, naomba uzime gari" hupokelewa vizuri kuliko "Zima gari wewe", na trafiki wazoefu wanalijua hilo tangu zamani.

9. Kagua

Leseni ishikwe kwa mkono mmoja, usawa wa kifua, ili macho yasomayo yaweze kuinuka. Mwanafunzi anayeinamisha kichwa akisoma kwa sekunde kumi mfululizo, mpelekee kitambaa. Kariri: soma jina, inua macho, soma daraja la leseni, inua macho, soma tarehe ya mwisho, inua macho.

Kisha magurudumu, taa, mkanda. Bima siku hizi inahakikiwa kwenye mfumo kwa namba ya gari, kwa hiyo msipoteze muda kwenye kioo. Kuzunguka gari hufanyika kwa upande wa kushoto na nyuma. Taa za mbele zikaguliwe kutoka pembeni, injini ikiwa imezimwa.

10. Amua

Kwa zoezi, askari ana uamuzi wa aina tatu: onyo la mdomo, faini yenye kontroli namba, au gari kubaki kwa sababu ni bovu kiasi cha kuhatarisha watu. Aseme uamuzi na sababu yake kwa sentensi moja au mbili. Fedha taslimu hazipiti mkononi.

Hapo darasa zima litacheka, na mmoja ataigiza kukunja noti ndani ya leseni. Usijifanye hujaona. Simamisha zoezi, waache waigize mara moja askari akiirudisha noti palepale mbele ya abiria na kuendelea na kazi, kisha sogea mbele. Kama shule yenu ina klabu ya wapinga rushwa, waachie wao mjadala wote; TAKUKURU huwa inawatembelea na watalizungumza vizuri kuliko nafasi mliyonayo uwanjani. Ukiuacha hapa, utakula zoezi zima.

11. Ruhusu gari liondoke

Sehemu hii makundi yote huisahau. Leseni imerudishwa, askari amegeuka, na dereva anajitosa barabarani peke yake. Kumbe kuingia tena kwenye lami kutoka mwendo wa sifuri ni hatari kuliko kusimama. Askari arudi begani kwanza, amtazame mlinzi. Mlinzi anyooshe mkono kuonyesha njia ni nyeupe. Dereva afunge mkanda, azime hazadi, awashe indiketa ya kulia, atazame kioo, ageuke kutazama nyuma juu ya bega lake la kulia, ndipo aondoke. Zoezi halijaisha mpaka gari liwe ndani ya njia yake na askari wote wawili wawe nje ya lami.

12. Badilishaneni

Mwandishi asome makosa bila kutaja nani kayafanya, kisha kila mtu ahame nafasi moja. Aliyekuwa askari lazima awe dereva, na hili halina msamaha. Wasichana wapewe nafasi ya msimamishaji mapema; ukiwaachia wanafunzi wagawane wenyewe, utaona wavulana wawili wenye kizibao tangu mwanzo hadi mwisho.

HALI ZENYE MAMBO YAKE

Bodaboda. Dereva wa pikipiki asishikwe nguo wala usukani. Pikipiki husimama kwa miguu miwili, na ikivutwa ikiwa kwenye mwendo, abiria wa nyuma ndiye anayeanguka kwanza. Apewe ishara ya mbali kuliko gari, na abiria ashuke kwa kushoto.

Daladala na mabasi. Ukaguzi ufanyike kupitia mlango wa abiria, ambao uko kushoto. Konda anaweza kushuka. Abiria wabaki ndani, wasimwagike begani kutazama. Basi likikutwa na ubovu wa kulizuia kuendelea, abiria washushwe wote kwa pamoja na kusogezwa mbali na lami kabla jambo jingine lolote halijafanyika.

Malori. Dereva wa lori haoni kilicho chini ya dirisha la kushoto wala mbele ya bampa. Kanuni ya kuwafundisha: kama huoni macho ya dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Utingo ashuke aweke pembetatu nyuma, akitembea begani.

Usiku. Msifanye zoezi usiku. Fundisheni kwa maneno tu: mahali penye taa za barabarani, kizibao kimefungwa mbele na siyo kuning'inia, tochi ikimulika mkono wa askari mwenyewe anaotolea ishara. Kummulika dereva machoni ni kumpofusha sekunde ileile unayotaka akuone. (Mwanafunzi mjanja atauliza kama tochi hii ndiyo ile ya kupima mwendo. Siyo, ingawa jina ni moja.)

MAMBO YAKIKWAMA

Wanacheka, zoezi haliendi. Kundi la kwanza hucheka siku zote. Usikemee. Toa nafasi ya mlinzi kwa anayecheka zaidi na kumpa filimbi. Jukumu lake halimruhusu kugeuka.

Filimbi inapulizwa ovyo. Ichukue, na kuanzia hapo filimbi yoyote isiyo ya hatari inamrudisha mpulizaji kwenye kundi la watazamaji.

Askari wa kuigiza amekuwa mkali kupita kiasi. Kuna wanafunzi wakivaa kizibao tu, sauti inabadilika. Mhamishie kwenye kiti cha dereva mara moja, apate askari mwenye sauti kama yake. Ikiwa kuna mwanafunzi anayeonekana kuogopa zoezi kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani kwao, mpe kazi ya mwandishi na usimhoji mbele ya wenzake.

Dereva wa kuigiza anakimbia. Ni sawa, na hata ukitaka panga mmoja akimbie. Jibu sahihi: hakuna anayemfukuza, mlinzi anabaki akitazama barabara, msimamishaji anaandika namba, rangi, aina ya gari na uelekeo. Akianza kukimbia nyuma yake, vitambaa vya chaki vimfuate.

Wanauliza maswali ya sheria usiyoyajua. Je, askari anaweza kuchukua funguo zangu? Leseni nimeisahau nyumbani, itakuwaje? Naweza kumrekodi? Usibuni. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973 na imerekebishwa mara nyingi. Swali liandikwe kwenye karatasi, asome askari mgeni mbele ya wote na kujibu kwa kutaja kifungu. Maswali yenye hasira yaandikwe upya na darasa kwa lugha ya heshima kabla hajafika, bila kuyafuta.

Mnapakwa chaki kila mara, hata baada ya raundi kadhaa. Angalia kitu kimoja: mlinzi anatazama wapi? Karibu kila mara amegeuka kusikiliza mazungumzo ya dirishani. Mgeuze, mwongeze mita 5 kutoka kwenye gari ili asisikie kinachosemwa, na mrudie.

Mvua imenyesha, mistari imefutika. Hamia darasani. Panga viti kama gari, tumieni ubao kuchora barabara, na fanyeni hatua ya 7 hadi ya 10. Hatua ya 3 na ya 5 haziwezekani ndani, zingojee uwanja ukauke.

Askari mgeni hakutokea. Inatokea, kazi yake inamwita bila taarifa. Usiahirishe zoezi zima. Endelea na hatua ya 1 hadi ya 6, ambazo hazihitaji mtaalamu, kusanya karatasi za maswali kwenye bahasha, na mpelekee kituoni pamoja na tarehe mpya. Akija siku hiyo ya pili, atawakuta wanafunzi wanaojua pa kusimama, na muda wake wote utakwenda kwenye maswali yao.